Majina ya Mungu: yametoka wapi na yana maana gani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Je, Mungu ana jina hasa, au "Mungu" ni cheo tu?

Maneno mengi tunayoyaita majina ya Mungu yalianza kama maneno ya kawaida: bwana, muumba, aliye juu, mwenye mbingu. Watu wakayatumia kwa mmoja tu, kizazi baada ya kizazi, mpaka yakageuka kuwa jina. Yaliyokuwa jina tangu mwanzo ni machache, na mashuhuri kuliko yote ni lile la Kiebrania la herufi nne, YHWH. Ukiishika tofauti hiyo, mabishano mengi kuhusu majina haya yanapoa yenyewe.

Neno "Mungu" limetoka wapi? Ni Kiarabu?

Hapana, ni neno la Kibantu. Umbo lake la zamani ni Mulungu, na hadi leo Mulungu ndilo jina la Mungu kwa Wamijikenda, Wagogo, Wayao, Wachewa na wengine wengi, kuanzia pwani ya Kenya hadi Malawi na Msumbiji. Wameru wa Kenya husema Murungu. Kiswahili kina desturi ya kuimeza "l" iliyo kati ya irabu mbili, ndiyo maana Mulungu likawa Muungu. Vitabu vya karne ya 19 viliandika hivyo hivyo, kwa "u" mbili, kabla ya neno kufupishwa zaidi.

Kuhusu mzizi wake, wapo waliolihusisha na kitenzi cha kuunga, yaani yeye aunganishaye na kupanga mambo. Wengine walielekea kwenye roho za wahenga, kwa kuwa Wayao wa zamani walilitumia neno hilo hata kwa roho za waliokufa. Wataalamu hawajakubaliana, na anayekwambia kwa uhakika kwamba "Mungu maana yake ni fulani" anakuuzia dhana yake.

Kwa nini wingi ni "miungu"?

Kwa umbo, neno hili limo katika ngeli ya M-MI, pamoja na mti na mlima. Kwa upatanisho, linachukuliwa kama mwenye uhai: tunasema "Mungu anajua", kamwe si "Mungu unajua". Modimo, jina la Mungu kwa Wasotho na Watswana, nalo limo katika ngeli inayolingana na hiyo ya mti. Nimeona watu wakijenga theolojia nzima juu ya jambo hili, eti wahenga walimwona Mungu kama nguvu isiyo na nafsi. Tatizo ni kwamba "mtume" pia wingi wake ni "mitume", na hakuna aliyewahi kudai kwamba mitume hawakuwa watu.

Mwenyezi, Mola, Rabi, Jalali, Manani: haya yote ni majina tofauti?

Ni sifa na vyeo vya Mungu yule yule. Mwenyezi ni "mwenye enzi": mwenye ni neno la Kibantu, enzi linatokana na Kiarabu, kutoka mzizi uliozaa pia Al-Aziz. Mola ni *mawla*, bwana na mlinzi. Rabi ni *rabb*, bwana aleaye. Rabuka ni neno hilo hilo likiwa limebebana na kimilikishi chake cha Kiarabu, "Mola wako".

Jalali na Manani yanapendwa zaidi na washairi. Manani, yaani mtoaji mkarimu, halimo katika orodha mashuhuri ya majina 99 ya Mungu katika Uislamu, ingawa linapatikana katika hadithi nyingine, yaani masimulizi ya maneno na matendo ya Mtume. Lakini fungua tenzi za zamani, kwenye beti za dua, utalikuta mara nyingi. Nashuku kina cha "-ni" kimelisaidia sana.

Kipi ni sahihi, Yahweh au Yehova?

Kiebrania cha kale kiliandikwa kwa konsonanti peke yake. Jina hili lina nne: yod, he, waw, he. Limo katika Biblia ya Kiebrania zaidi ya mara 6,800. Nje ya Biblia, ushahidi wa zamani usio na utata ni jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu, la karne ya 9 KK, lililopatikana mwaka 1868 katika nchi ambayo leo ni Yordani. Mesha anajigamba humo kwamba aliviteka vyombo vya YHWH na kuviburuta mbele ya mungu wake Kemoshi. Ajabu kidogo: adui ndiye aliyetuhifadhia jina.

Kadiri karne zilivyopita, Wayahudi waliacha kulitamka kwa heshima. Mishna, mkusanyo wa kale wa mapokeo ya sheria za Kiyahudi, inasimulia kwamba kuhani mkuu alilitamka hekaluni Siku ya Upatanisho, na watu waliposikia walisujudu. Hekalu liliharibiwa mwaka 70 BK, na pamoja nalo matamshi yakatoweka hadharani. Kila msomaji alipofika kwenye herufi hizo nne alisema Adonai, "Bwana wangu".

Baadaye wanazuoni wa Kiyahudi waitwao Wamasora walipobuni alama za irabu, jina hili waliliwekea irabu za Adonai, ili kumkumbusha msomaji asilitamke. Wasomi wa Ulaya wa zama za kati walizisoma konsonanti na irabu zile kwa pamoja, kana kwamba ni neno moja, likazaliwa Iehova. Umbo hilo linaonekana katika maandishi ya Kilatini ya karne ya 13, na mwaka 1530 William Tyndale aliliingiza katika tafsiri yake ya Kiingereza ya vitabu vya Musa.

"Yahweh" ni matokeo ya uchunguzi. Klementi wa Aleksandria na Theodoreti, waandishi wa Kikristo wa kale waliokuwa wakiandika kwa Kigiriki, waliacha maumbo yanayosikika kama Yaue na Yabe. Majina ya watu kama Yeshayahu na Yirmeyahu, yaani Isaya na Yeremia, yanathibitisha silabi ya kwanza. Kwa hiyo Yahweh ni makisio yenye ushahidi mzuri, na Yehova ni umbo la mchanganyiko lililozoeleka. Hata hivyo, wanaosema kwamba kumwita Mungu Yehova ni kumwita kwa jina la uongo wanatia chumvi. "Yesu" nalo silo neno ambalo mama yake alilitumia kumwita. Limetoka kwenye Kiaramu na Kiebrania likapita kwenye Kigiriki, na hakuna anayelikataa.

Mashahidi wa Yehova walijichukulia jina hilo mwaka 1931. Kwa upande mwingine, mwaka 2008 Vatikani iliagiza kwamba "Yahweh" lisitamkwe wala kuimbwa katika liturujia ya Kikatoliki, kwa kuheshimu desturi ya kale ya kusema "Bwana".

Na maana yake?

Katika Kutoka 3:14 Musa anauliza jina na kujibiwa, "MIMI NIKO AMBAYE NIKO." Maneno hayo yanalifungamanisha jina na kitenzi cha Kiebrania cha kuwa. Kitenzi hicho kinaweza kusomwa pia "nitakuwa nitakayekuwa", na wapo wanaolielewa jina kama "yeye afanyaye vitu viwepo". Kwangu mimi jibu lile linasikika kama limetolewa makusudi bila kufunguka kabisa. Musa alitaka jina la kupeleka kwa watu, alipewa sentensi.

Kwa nini Biblia ya Kiswahili inaandika BWANA kwa herufi kubwa?

Ni alama. Katika tafsiri ya Union Version, kila unapoona BWANA kwa herufi kubwa, ujue Kiebrania kina YHWH. "Bwana" ya kawaida ni Adonai au neno jingine la heshima. Tofauti hiyo inaonekana vizuri Zaburi 110:1, "Neno la BWANA kwa Bwana wangu". Anayesikiliza tu kanisani haipati. Lazima uione kwenye karatasi.

Desturi hii inarudi nyuma hadi tafsiri ya Kigiriki iliyoanza kufanywa Aleksandria karne ya 3 KK, ambayo nakala zake zilizoenea zina *Kyrios*, Bwana. Vipo vipande vichache vya zamani sana vya tafsiri hiyo ambamo mwandishi anaandika Kigiriki kisha, akifika kwenye jina, anabadili na kuchora herufi nne za Kiebrania.

Elohim ni wingi. Je, Waisraeli waliamini miungu mingi?

Umbo ni la wingi kweli. "-Im" ni kiambishi cha wingi. Lakini sentensi ya kwanza ya Mwanzo inaweka kitenzi cha umoja, sawa na kusema "Elohim aliumba". Wakristo wengi wamesoma hapo dokezo la Utatu, na Wayahudi wameona wingi wa utukufu. Kabla ya kuchagua upande, soma 1 Wafalme 11:33, ambapo Ashtorethi, mungu mke mmoja wa Wasidoni, naye anaitwa elohim. Yaani Kiebrania kiliweza kutumia umbo hilo kwa mmoja, awe wa kweli au wa uongo, bila kuhesabu.

El, neno fupi la familia hiyo, ni la kale zaidi ya Israeli. Mabamba ya udongo ya Ugarit, mji uliofukuliwa nchini Syria kuanzia mwaka 1929, yanamtaja El kama mkuu wa miungu ya Kanaani. Neno lilikuwa la wote. Ndilo limo ndani ya Danieli (Mungu ni mwamuzi wangu), Mikaeli (nani aliye kama Mungu), Ismaili (Mungu husikia) na Israeli lenyewe. Eliya ni mfano mzuri zaidi, kwa sababu limebeba yote mawili: El wangu ni Yah. Yah huyo huyo ndiye anayefunga neno Haleluya, "msifuni Yah".

Yehova-yire, Yehova-nisi, Yehova-shalomu: Mungu ana majina mangapi ya namna hii?

Haya yanaimbwa sana, na watu huyaorodhesha kama majina ya Mungu. Ukifungua maandiko utaona jambo jingine. Yehova-yire ni jina ambalo Ibrahimu aliupa *mahali* alipopata kondoo wa badala (Mwanzo 22:14). Yehova-nisi ni jina la madhabahu ya Musa, na Yehova-shalomu ni madhabahu ya Gideoni. Lile la mwisho la kitabu cha Ezekieli, "Bwana yupo hapa", ni jina la mji. Hakuna ubaya kuyaimba. Yanamsifu Mungu kwa alichofanya pale. Ila ni majina ya mahali yaliyobeba kumbukumbu, na kujua hivyo kunayafanya yawe mazito zaidi.

"Allah" ni jina la Waislamu peke yao?

Hapana. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba limetokana na *al-ilah*, "Mungu yule". Ni ndugu wa Eloah ya Kiebrania na Alaha ya Kiaramu, lugha aliyoizungumza Yesu. Wakristo Waarabu wanasali kwa neno hilo, na Biblia zao zinaanza "Hapo mwanzo Allah aliziumba mbingu na nchi". Saadia Gaon, mwanazuoni mkubwa wa Kiyahudi wa karne ya 10, alilitumia alipotafsiri Torati kwa Kiarabu. Huko Malta, nchi yenye Wakatoliki wengi, Mungu ni *Alla*, na sala ya Baba Yetu husaliwa kwa lugha hiyo hiyo.

Neno lilikuwepo pia kabla ya Uislamu. Baba yake Mtume Muhammad aliitwa Abdullah, mtumishi wa Allah, na alifariki kabla mwanawe hajapewa utume. Qurani yenyewe inasema kwamba washirikina wa Makka wakiulizwa ni nani aliyeziumba mbingu na ardhi, watajibu: Allah. Ujumbe haukuja kuwatambulisha jina jipya, ulikuja kuwakataza kumshirikisha.

Pale ambapo siasa imeingia, neno limeishia mahakamani. Nchini Malaysia, gazeti la Kikatoliki lilizuiwa kulitumia. Mahakama Kuu ikaliruhusu mwaka 2009, Mahakama ya Rufaa ikatengua mwaka 2013, kisha katika kesi nyingine mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaamua tena kwamba Wakristo wanaweza kulitumia katika machapisho yao. Wakristo wa Sabah na Sarawak, majimbo ya Malaysia, walikuwa wakisali kwa neno hilo muda wote huo.

Je, Waislamu na Wakristo wanamwabudu Mungu yule yule? Hilo ni swali la imani, na asili ya neno haiwezi kulijibu. Neno linaweza kukwambia kwamba wote wawili walitumia "Mungu yule". Wanachomwamini ni mjadala mwingine.

Nimesikia kwamba Allah alikuwa mungu wa mwezi. Ni kweli?

Hakuna ushahidi. Dai hili linasambazwa sana mitandaoni, na hoja yake kubwa ni hilali iliyo juu ya misikiti, alama iliyoenea karne nyingi baada ya Mtume, hasa kwa dola ya Osmani. Qurani inasema wazi: msilisujudie jua wala mwezi (41:37).

Majina 99 yametoka wapi, na je, yanaishia hapo?

Qurani inasema Mwenyezi Mungu ana majina mazuri kabisa, na waja wamwombe kwa hayo (7:180). Hesabu inatoka kwenye hadithi iliyopokewa na Abu Hurayra, katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim: majina tisini na tisa, mia kasoro moja, na atakayeyahifadhi ataingia Peponi. Orodha yenyewe haimo humo. Inayojulikana zaidi imo katika mapokezi ya Tirmidhi, mkusanyaji mwingine wa hadithi, na wanazuoni wengi wameona kwamba ilikusanywa na wapokezi kutoka Qurani. Ndiyo sababu orodha mbili zinaweza kutofautiana kidogo bila mmoja kuwa ameghushi.

Wengi wao pia wanasema 99 si mwisho, kwa kuwa ipo dua ya Mtume inayotaja majina ambayo Mungu ameyaficha katika elimu yake ya ghaibu.

Katika yote, Ar-Rahman lina nafasi ya pekee. Qurani inalitaja sambamba na Allah: mwombeni Allah au mwombeni Rahman (17:110). Maandishi ya mawe kutoka Yemen ya kale yanaonyesha kwamba watu walioamini Mungu mmoja huko walimwita Rahmanan kabla ya Uislamu.

"God" ya Kiingereza inatokana na "good"?

Hapana, yamefanana kwa bahati tu. God limetoka kwenye lugha mama ya kale ya Kiingereza na Kijerumani, huenda kutoka mzizi wa kuita au wa kumimina tambiko. *Deus* ya Kilatini ina ukoo mmoja na Zeus, Jupiter na *deva* ya Kisanskriti; wote wanarudi kwenye mzizi wa anga angavu. Na hapa ndipo wengi hukosea: *theos* ya Kigiriki, tunayoipata katika "theolojia", haina udugu na *deus* hata kidogo.

Makabila yetu yalimwita Mungu kwa jina la jua au mvua. Waliabudu jua?

Kwa Wachaga, Ruwa ni Mungu na pia neno lenyewe la jua. Kwa Wairaqw ni Looa, jua, naye husemwa kama mama. Wakalenjin wana Asis. Wamasai wana Enkai, linalohusishwa na anga na mvua, tena lenye kiambishi cha kike. Enkai Narok, mweusi kama wingu la mvua, ni mpole, na Enkai Nanyokie, mwekundu, ni mkali. Wakikuyu na Wakamba wana Ngai, lililotoka kwa Wamasai. Ol Doinyo Lengai, volkano hai ya kaskazini mwa Tanzania, ni "mlima wa Mungu". Kwa Waoromo, Waaq ni Mungu na anga, na Olorun ya Wayoruba ni "mwenye mbingu".

Anayesema "Mbingu zinajua" kwa Kiswahili haabudu mawingu. Wageni wa mwanzo hawakuwapa Wachaga nafasi hiyo ya kueleweka. Waliandika kwamba ni waabudu jua, ilhali Deus ya Kilatini nayo imetoka kwenye neno la anga. Si kila jina linahusu anga, vilevile. Katonda ya Waganda ni "muumbaji", na Thixo ya Waxhosa imetoka kwa majirani zao Wakhoekhoe, ambao jina lao la Mungu limefasiriwa kuwa "goti lenye jeraha".

Watafsiri walichaguaje jina la kutumia?

Mara nyingi kwa ugomvi. Mmisionari Francis Xavier alifika Japani mwaka 1549 akamhubiri Mungu kwa jina Dainichi, mpaka alipogundua kwamba ni jina la Buddha mmoja. Akabadili na kutumia Deusu. Wapinzani wake walicheka kwamba linasikika kama "uongo mkubwa" kwa Kijapani. China ugomvi ulidumu zaidi ya karne: mmisionari Matteo Ricci alikubali Shangdi, "Mtawala wa juu", na Tian, "Mbingu"; mwaka 1715 Papa Klementi XI aliyapiga marufuku na kubakiza Tianzhu, "Bwana wa Mbingu". Waprotestanti nao waligawanyika, na hadi leo Biblia ya Kichina huchapwa kwa matoleo mawili, la Shangdi na la Shen, neno la jumla la mungu.

Rwanda, wamisionari Wakatoliki walileta "Mungu" ya Kiswahili kwa kuogopa kwamba Imana, jina la Mungu la Wanyarwanda wenyewe, lilikuwa na upagani ndani yake. Wanyarwanda walifundishwa Mungu kwa miongo kadhaa, kisha Kanisa likarudi kwa Imana. Kusini, tafsiri ya Kitswana ya karne ya 19 ilimchukua Modimo kuwa Mungu lakini ikawafanya badimo, wahenga waheshimiwa, kuwa mapepo. Hilo la pili liliumiza zaidi kuliko jina lolote.

Niandike Mungu au mungu?

Herufi kubwa ukimtaja Mungu mmoja, ndogo ukizungumzia mungu yeyote kati ya wengi: "Mungu aliumba", lakini "Kemoshi alikuwa mungu wa Moabu".

Karatasi zenye jina la Mungu zinatupwaje?

Waislamu huzifukia mahali safi, huzichoma, au hufuta maandishi kwa maji. Wayahudi huhifadhi maandiko yaliyochakaa katika chumba kiitwacho geniza kisha huyazika. Katika sinagogi la Ben Ezra mjini Kairo hayakuzikwa, yakarundikana kwa karibu miaka elfu moja. Mwishoni mwa karne ya 19 wasomi walikuta humo laki kadhaa za vipande, pamoja na barua za biashara na hati za ndoa, kwa kuwa hata barua ya bei ya kitani ilianza kwa kumtaja Mungu. Na jina lililo kwenye skrini ya simu? Marabi wengi wamejibu kwamba mwanga wa skrini si maandishi, kwa hiyo ukifuta ujumbe hujalifuta jina.